Mchanga Kwenye Oili ya Salvatory

Bariadi,
8 Julai 1996

Mdogo wangu Klementina,

Salamu kutoka nyumbani. Mimi, Martha na watoto wazima. Mama yuko Ngulyati na shamba lake, ila mgongo unamsumbua asubuhi.

Chupa anayokuletea kondakta si asali, usije ukaionja. Ni oili ya pikapu yangu. Pasaka ulitusimulia kwamba huko maabara kwenu mnapima oili za mitambo ya migodini kama hospitali wanavyopima damu, na mnajua injini inaumwa wapi bila kuifungua. Nilicheka siku ile. Sasa sicheki.

Injini hii tuliifungua yote mwaka jana, tukaweka pistoni mpya, ringi mpya, beringi mpya. Aliyeifunga ni huyo huyo Mayala wako, na mikono yake unaijua. Lakini inakula oili, inatoa moshi wa buluu, na nikipanda mlima naisikia inagonga kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu. Na msimu ndio huu. Tangu watu binafsi turuhusiwe kununua pamba, kila njia panda ina mzani na gari. Zamani mkulima alikisubiri chama cha ushirika mpaka kije. Siku hizi hamsubiri mtu, gari lako likichelewa anampa wa nyuma yako.

Mayala anakusalimu. Alinikuta nachota oili, akaniuliza ya nini. Nilipomweleza akaweka spana chini, akasema, "Hiyo mashine inaona kila kitu?" Nikamwambia mchumba wako ndiye anayeiendesha, muulize mwenyewe.

Wazee wa kwao watarudi baada ya mavuno kumalizia mazungumzo ya ng'ombe. Kwa upande wetu hakuna neno baya.

Kaka yako,
Salvatory


Mwanza,
15 Julai 1996

Kaka Salvatory,

Shikamoo. Chupa imefika salama, na mkuu wetu aliniruhusu kuipima baada ya kazi za siku.

Nitakueleza kwa urahisi. Oili inapita kila mahali ndani ya injini, na kila mahali panaposagika inabeba kidogo. Mashine yetu inaichoma kwa cheche ya umeme. Kila madini yana mwanga wake yakiungua, na mashine inausoma ule mwanga. Chuma kikizidi, silinda zinalika. Alumini ni pistoni. Risasi na shaba ni beringi.

Kwako vyote vimezidi, kaka. Nilidhani nimekosea, nikarudia. Lakini kilichozidi kuliko vyote ni silikoni, nayo maana yake ni mchanga. Injini yako inakula mchanga, na mchanga ndio unaokula chuma.

Mara nyingi huingia na hewa. Angalieni ea klina, lile chujio la hewa, na mpira unaotoka pale kwenda kwenye injini, hata kitundu kama cha sindano kinatosha. Mwageni oili yote, wekeni mpya na chujio jipya, uendeshe siku chache, halafu nitumie nyingine.

Mama bado hataki kupanda gari lako? Simlaumu. Na mimi nikiona watu wamekaa juu ya magunia ya pamba namwona baba.

Mwambie Mayala barua yake niliipata, na jibu lake liko njiani.

Klementina


Bariadi,
29 Julai 1996

Mdogo wangu,

Tumeangalia. Ea klina ni mpya, mpira hauna hata mkwaruzo. Nimeukagua mwenyewe, nimeuzamisha kwenye ndoo ya maji na kuupuliza kama mtoto. Mayala alimwaga oili yote Jumamosi nikiwa nimesimama pale, akaweka mpya. Tukaenda kukusanya pamba Ngulyati na vijiji vya jirani, gari likalala kwa mama kama kawaida. Tuliporudi mjini nimechota hii unayoiona, kabla Mayala hajagusa kitu.

Sasa kuna jambo sitaki kuliandika lakini nitaliandika. Nilipokuwa nachota, Mayala alitaka kunizuia. Alisema, "Iache kwanza, nimwage hii, nikuwekee nyingine ndiyo upime." Nikamwuliza, tumwage oili ambayo haijamaliza wiki? Alifuta mikono, akaenda kukaa mbali.

Na yule mnunuzi mpya wa upande wa stendi, mwenye malori, watu wamemwona Mayala uwanjani kwake. Mara mbili, wanasema.

Pima, uniambie.

Salvatory


Mwanza,
6 Agosti 1996

Kaka,

Matokeo ya chupa ya pili si mazuri.

Mashine inasoma vumbi laini tu, chembe kubwa haizioni. Safari hii, nilipoiinua chupa kwenye mwanga, niliona kitu kimetua chini. Nikaichuja oili kwenye karatasi, nikaiosha, nikaiweka chini ya darubini. Ni udongo. Si vumbi la barabarani. Zipo punje nyeupe kubwa ambazo haziwezi kupita kwenye ea klina hata ikitobolewa, na nimeona kipande cha mzizi wa nyasi. Mzizi, kaka, ndani ya injini iliyofungwa.

Nilimwita mkuu wetu aangalie, nikiomba aniambie nimekosea. Akatazama muda mrefu. Akasema, "Hii haikuingia. Imetiwa." Mtu amefungua kile kifuniko cha juu mnapomiminia oili, akatia udongo kwa mkono.

Nani anatuchukia kiasi hicho?

Nakuomba jambo moja. Usimseme mtu yeyote mpaka nije. Nimeomba ruhusa, nitapata mwisho wa mwezi. Uliyoandika kuhusu Mayala nimeyasoma. Nayajua macho yake na najua anavyoishika injini. Subiri.

Klementina


Bariadi,
12 Agosti 1996

Klementina,

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye uwanja wa jineri, pale wanapochambulia pamba, katikati ya foleni ya magari, na Mayala alikuwa hatua chache kutoka kwangu akikaza magurudumu. Ungekuwa wewe ungesubiri. Mimi sikuweza.

Nilimwambia, "Mayala, umeniwekea udongo kwenye injini."

Akainuka. Nilitegemea acheke, au anitukane. Akauliza, "Klementina ndiye kasema?"

"Mashine imesema. Nani mwingine anafungua boneti ya gari hili?"

Watu walikuwa wameanza kusogea. Madereva, wapakiaji, hata makarani wa mzani. Nikamwambia sema mbele ya watu hawa kwamba si wewe. Neno hilo tu, nami nitakuamini, maana tumekua pamoja. Akanitazama, akainama akaokota spana zake, akasema, "Kama umeshaona ni mimi, basi." Akaondoka.

Sikumpiga. Nataka ulijue hilo. Lakini watu walimzomea mpaka getini, na mmoja alimrushia tope, nami sikumzuia. Nasikia yule wa malori naye hamtaki tena, anasema fundi anayetia udongo injini ya rafiki yake atatia na yake. Karakana zote za mjini zimesikia. Amerudi kwao Shishiyu, anachunga ng'ombe wa baba yake.

Nimewaambia baba wadogo wasimamishe mazungumzo. Pole, mdogo wangu. Mtu asiye na hatia angekataa.

Sijui utanisamehe lini. Martha hajasema nami tangu jana.

Salvatory


Mwanza,
19 Agosti 1996

Salvatory,

Nilikuambia subiri.

Nimeipima oili kwa mikono yangu, nimekuandikia kwa mikono yangu, na kwa barua hiyo hiyo umewafanya watu wamzomee mume wangu. Naandika mume kwa sababu moyoni alishakuwa hivyo. Nimekaa maabara siku nzima leo bila kugusa chupa hata moja. Naziogopa.

Udongo ule nimeuona, siwezi kusema sikuuona. Na kukataa hakukataa. Hayo mawili yananizunguka kichwani na siwezi kuyaunganisha na mtu ninayemjua. Nimemwandikia Shishiyu. Hajajibu.

Umepata fundi mwingine? Mwambie aimwage oili, aweke mpya. Ikikaa safi sasa kwa kuwa Mayala hayupo, nitakubali, na sitalitaja jina lake tena. Nitumie.

K.


Nyashimo,
27 Agosti 1996

Mdogo wangu,

Naandika nikiwa hapa Nyashimo, kwenye benchi la zahanati. Mimi mzima.

Fundi sikupata, nilikuwa najihudumia mwenyewe. Nilibadilisha oili kama ulivyosema, funguo za gari zikawa zinalala mfukoni mwangu. Leo tulitoka Ngulyati na mzigo kwenda jineri ya huku barabara kuu. Kwenye mwinuko kabla ya kufika, injini iligonga mara moja kwa nguvu, ikafa. Konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni, imekatika, ikatoboa ubavu wa injini. Gari likaanza kurudi nyuma na mzigo wote, breki hazikulishika, likaingia mtaroni likalala kwa ubavu.

Athanasi mpakiaji alikuwa juu ya magunia.

Yuko hai. Mguu umevunjika juu ya goti, wanamsafirisha Mwanza, utamwona kabla ya barua hii labda. Lakini nilipozunguka lile gari sikujua kama yuko hai, na mahali pa Athanasi nilikuwa namwona baba, vile vile, pamba imemfunika mpaka shingoni.

Sikiliza. Walipolivuta gari niliangalia pale injini ilipopasuka. Lile bakuli la oili la chini lilikuwa wazi. Nikaingiza mkono. Udongo, Klementina. Chini kabisa, tope zito lenye punje nyeupe, kama ulivyosema. Oili nimeiweka mimi na kifuniko nimekifunga mimi. Mayala hajakanyaga Bariadi.

Halafu nikakumbuka kwamba gari hili halilali mahali popote nje ya uwanja wangu, isipokuwa mahali pamoja tu.

Sitaki kuandika. Niambie wewe unafikiri nini.

Salvatory


Ngulyati,
1 Septemba 1996

Kwa mwanangu Klementina,

Mwangaluka, mwanangu. Anayeandika ni Milembe, binti wa jirani, yuko darasa la saba. Mimi nasema, yeye anaandika.

Nimesikia gari la kaka yako limeanguka na kijana wa watu ameumia. Tangu siku ile Salvatory amekuja hapa mara moja, akasimama mlangoni, akanitazama, akaondoka bila kula. Mtoto hajawahi kunifanyia hivyo. Kwa hiyo nakuuliza wewe, maana wewe umesoma mambo ya magari. Nimekosea wapi?

Unajua baba yenu aliondoka alfajiri na lori la pamba, jioni wakamleta. Kaka yako aliponunua gari na kuanza kubeba pamba ile ile, barabara ile ile, sikupata usingizi. Padri alilibariki gari kwa maji, nikashukuru. Lakini maji yanakauka. Nikasema moyoni, baba yao anaijua ile barabara kuliko mtu yeyote, basi awe anasafiri na mwanawe. Hakuna mganga aliyenituma, ni mimi mwenyewe. Gari likilala hapa, asubuhi nilikuwa nachukua udongo wa kaburini kwake, kidogo, wa kushika kwa vidole. Nilikuwa nimemwona Mayala akilinywesha oili, akimwambia kaka yako hapa ndipo injini inapopata uhai. Basi na mimi nikawa natia hapo hapo.

Mayala alinikuta siku moja. Nilishtuka, yeye alishtuka zaidi. Akageuza uso pembeni, kama mkwe anavyotakiwa. Nikasema hewani, kana kwamba nasema na ng'ombe, "Hili ni jambo langu na marehemu, mtu asilitaje." Akaitika akiwa amegeuka vile vile. Kijana mwenye adabu. Mbona siku hizi haji hata kusalimu uani? Nikiuliza, watu wananyamaza.

Baba yenu hajawahi kuniangusha. Labda nilikuwa natia kidogo mno. Niambie, mwanangu.

Mama yako,
Nyanjige


Mwanza,
7 Septemba 1996

Kaka,

Barua ya mama iko ndani ya hii. Isome ukiwa peke yako.

Nimeisoma mara nyingi na kila mara nikifika pale anapouliza kama alitia kidogo, siwezi kuendelea. Nilichokiweka chini ya darubini, nikakiita udongo tu, nikauliza nani anatuchukia, ni baba.

Athanasi nimemwona wodini. Mguu wameufunga kwenye vyuma, daktari anasema atatembea. Sijamwambia.

Nenda Shishiyu. Usinijibu kwanza, nenda.

Klementina


Bariadi,
14 Septemba 1996

Mdogo wangu Klementina,

Nimetoka Shishiyu. Nilikwenda kwa baiskeli, sikutaka kufika kwa gari la mtu.

Nilimkuta Mayala kwenye lambo la maji, ananywesha ng'ombe. Aliniona kutoka mbali na hakukimbia wala hakunifuata. Nikamsalimu, akaitikia. Nikampa barua ya mama. Alisoma akiwa amesimama, akanirudishia.

Nikamwuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, Salvatory? Mama mkwe wangu kaniomba nisitaje. Nimtaje mbele ya madereva wa jineri? Wangemwita nani, kesho yake?"

Nilielewa. Mwanamke mzee, udongo wa kaburi, alfajiri. Unajua wanavyowaita huku, na unajua wanachowafanyia. Mimi niliyezaliwa na yeye sikuliona hilo. Aliliona Mayala, palepale, wakati namfokea, akiwa na nafasi ya kusema neno moja ajiokoe.

Akaniambia mengine, nami nakuandikia yote. Kila mara gari langu lilipotoka Ngulyati, alikuwa anaimwaga ile oili na kulisafisha bakuli kwa dizeli, kisha anaweka mpya kwa fedha yake, mimi nikiwa kwenye mizani. Ule uwanja wa malori alikuwa anakwenda kufanya vibarua ili apate hiyo oili. Alikuwa amepanga shangazi yake aje amweleze mama taratibu, baada ya mavuno, kwa kuwa yeye mwenyewe hana ruhusa ya kusema naye. Ndiyo maana alitaka kunizuia nisichote ile oili ya pili. Klementina, mtu huyu alikuwa anaishikilia injini yangu isife, na nilipomfukuza, ikafa.

Nilimwomba msamaha. Sikupiga magoti, niliona ningemwaibisha mbele ya wachungaji. Akasema amesikia. Kazi hatarudi. "Siwezi kupita geti lile," alisema. Nikauliza kuhusu wewe. Alisubiri ng'ombe wamalize kunywa, akasema barua zako anazo zote, hajui tu amjibu nini mtu ambaye mashine yake ilisema kweli.

Ameomba jambo moja, kwamba mama asiambiwe. Nimempinga. Nikipata gari lingine mama atafanya vile vile, na atatia zaidi. Nani amwambie? Mimi siwezi. Nimejaribu mara mbili, nafika mlangoni narudi.

Salvatory


Mwanza,
20 Septemba 1996

Kaka,

Nitamwambia mimi. Naja Jumatano kwa basi la asubuhi. Usije kunipokea, nitashukia Ngulyati moja kwa moja.

Klementina


Ngulyati,
2 Oktoba 1996

Kwa Mayala, Shishiyu,

Mwadila, baba. Anayeandika ni Milembe. Mimi na wewe hatutazamani usoni wala hatusemeshani, ndiyo desturi, na barua haina uso, kwa hiyo nasema.

Klementina amekuja. Amenieleza udongo unafanya nini kwenye chuma. Alinichorea chini kwa kijiti, pistoni hii, beringi hii. Nilipoelewa sikulia. Nilikaa pale chini mpaka kuku wakaingia. Nilitaka kumlinda mmoja, nikavunja mguu wa mtoto wa mtu, nikakutia wewe tope usoni.

Klementina alisema yaishie nyumbani, kwa usalama wangu. Nilikataa. Juzi nimekwenda jineri. Salvatory alinishika mkono huku, Klementina huku. Niliuliza ni wapi mlipokuwa mmesimama siku ile, wakanionyesha, nikasimama pale pale. Magari yalikuwa mengi. Nikasema, mimi ni Nyanjige, mjane wa Deogratias aliyekufa kwenye lori la pamba ambalo wengine wenu mlilipakia. Aliyetia udongo kwenye gari la mwanangu ni mimi. Nikawaambia ni udongo gani, na kwa nini. Nikasema Mayala alijua, akanyamaza kwa heshima yangu, mkamzomea.

Kuna waliocheka. Kuna mmoja alisema neno baya, la uchawi, na dereva mzee akamwambia anyamaze, akavua kofia. Baada yake wengine wakavua. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, sikuwa nimejiandaa kwa kofia. Wakanikalisha juu ya gunia. Yule aliyekurushia tope alikuja mwenyewe, anaitwa Method, akauliza Shishiyu ni njia gani. Nikamwelekeza. Ikiwa ameshafika, ndiye huyo.

Kwa Athanasi nimepeleka ndama. Ndama halipi mguu, najua.

Sasa neno langu. Ulinibebea jambo langu kwa adabu ya mkwe, na mkwe hujawa. Nimewaambia baba wadogo wa Klementina kwamba mazungumzo hayakusimama, yalikuwa yamechoka tu njiani. Wamekubali. Klementina hajarudi Mwanza. Ameongeza ruhusa, anapika, anatazama njia ya kwenu halafu anasema haitazami.

Njoo na wazee wako. Mimi nitakuwa ndani, sitatoka. Lakini nitakuwa karibu na dirisha, ili nikisikia sauti yako nijue umefika.

Nyanjige